Mwanga Usimfunike Aliye Hai: Somo kwa Vijana Tunaotumia Projekta na Kompyuta Katika Maigizo

Mpendwa kijana mwenzangu, kila parokia ina yule mtu mmoja ambaye projekta ikionekana tu, jina lake linaitwa. "Njoo wewe, fundi wa kompyuta!" Basi unaacha ulichokuwa unafanya, unaunganisha nyaya, unatafuta picha, unahangaika na sauti. Kama mtu huyo ni wewe, somo la leo ni lako. Kama wewe ni mwigizaji, mwanakwaya au kiongozi wa vijana, ni lako pia, kwa sababu fundi wa kompyuta anafanya kazi juu ya migongo yenu, na mara nyingine anawaumiza bila kujua.

Kabla hatujaendelea, chukua Biblia yako usome sehemu mbili: Kutoka 31:1-11 na Yohane 1:6-14. Soma taratibu, usikimbie. Tutazirudia.

1. Ijumaa Kuu niliyoiharibu

Vijana wa parokia yetu huwa tunaigiza Njia ya Msalaba usiku wa Ijumaa Kuu, nje, kwenye uwanja wa kanisa, baada ya ibada ya alasiri kwisha na watu kupumzika kidogo. Mwaka ule nilikuwa nimejifunza kutengeneza video na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonyesha nilichojifunza. Nikaomba projekta ya ofisi, tukashona shuka nyeupe mbili pamoja, tukazitundika nyuma ya jukwaa. Kwaresima nzima wenzangu walikuwa wanafanya mazoezi ya kuigiza. Mimi nilikuwa chumbani natengeneza picha. Mazoezi yao nilihudhuria mara moja tu.

Tukafika Kituo cha Sita, Veronika anampangusa Yesu uso. Dada aliyeigiza Veronika alikuwa amejiandaa kweli. Alipita katikati ya askari akitetemeka, akapiga magoti, akafungua kitambaa chake. Na mimi wakati huohuo nikabonyeza kitufe: uso mkubwa wa Yesu ukatokea kwenye shuka, mita tatu kwenda juu, damu inatiririka, mwanga unawakawaka. Watu wakasema "Waaa!" Simu zikainuliwa juu. Nikajisikia vizuri mno.

Kumbe hakuna aliyekuwa anamtazama Veronika. Mwanga wa nyuma yake ulikuwa mkali kiasi kwamba yeye na Yesu wakawa vivuli vyeusi tu. Dada yule alilia machozi ya kweli mbele ya watu mia kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyeyaona.

Hayo hayakutosha. Kituo cha Kumi na Mbili, Yesu anakufa msalabani. Kimya. Kwenye shuka nimeweka anga jeusi. Ghafla, kwenye kona ya anga, pakatokea kijisanduku cheupe chenye ujumbe: "Bro ile hela vp?" Niliacha mtandao wa simu umeunganishwa na kompyuta. Watoto wa mbele walikisoma kwa sauti. Uwanja mzima ukacheka. Ijumaa Kuu, mbele ya msalaba.

Baadaye mama mmoja mzee wa Jumuiya yetu alinishika mkono. Nilidhani atanigombeza kwa ule ujumbe. Hapana. Aliniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, yule binti wa kitambaa alifanya nini pale? Macho yangu hayaoni vizuri kwenye mwanga mkali." Sikuwa na jibu. Na yule dada aliondoka bila kuniaga.

Ninakusimulia haya kwa sababu kila nitakachokufundisha hapa chini nilijifunza kutokana na usiku ule.

2. Jambo moja la kushika

Rudi kwenye Yohane sura ya kwanza. Katika mistari michache tu Mwinjili anatupa mambo mawili makubwa. La kwanza: Yohane Mbatizaji hakuwa mwanga, alikuja kuushuhudia mwanga. La pili: Neno wa Mungu alitwaa mwili, akakaa kati yetu. Mungu angeweza kutuonyesha picha angani. Alichagua mwili: wenye jasho, wenye sauti, unaochoka, unaoguswa.

Ndiyo maana igizo la dini lina nguvu ambayo filamu haina. Filamu ya mateso unaweza kuitazama nyumbani, ukaisimamisha ukanywe chai. Lakini unapomwona kijana wa mtaani kwenu, unayemfahamu, amebeba mti mzito na goti lake linagonga ardhi hatua mbili kutoka ulipokaa, hapo kuna kitu kingine. Mwili ulio hai unasema na mwili wako.

Basi shika hili moja: katika sanaa ya jukwaani, mtu aliye hai ndiye anayebeba ujumbe, teknolojia ipo kumtumikia yeye. Kabla hujawasha chochote, jiulize: hii itawasaidia watu kumwona mwigizaji, au itamfunika? Ukishika swali hilo, karibu maamuzi yote ya kiufundi yanajibika.

3. Kanisa halikuanza jana

Wapo wanaosema vifaa hivi ni mambo ya kidunia, havifai kabisa. Wapo pia wanaodhani kwamba sisi vijana wa leo ndio wa kwanza kutumia ufundi kwa ajili ya imani. Wote wawili wanahitaji historia kidogo.

Katika Kutoka 31 tunamkuta Bezaleli. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza fundi huyu Roho wake, apate akili na ustadi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Angalia vizuri: Roho anatolewa kwa ajili ya *ufundi*. Na Bezaleli hakuachwa peke yake. Alipewa Oholiabu wa kumsaidia. Ufundi mtakatifu ni kazi ya timu.

Krismasi ya mwaka 1223, pale Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao hali ya ufukara aliyozaliwa nayo Mtoto Yesu. Aliomba paletwe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Watu walikuja na mishumaa na mienge, usiku ukang'aa. Misa ikaadhimishwa pale juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Mtakatifu Bonaventura anasimulia kwamba Fransisko aliomba kwanza ruhusa ya Baba Mtakatifu, ili asionekane analeta mambo mapya ovyo. Vifaa vichache, ruhusa ya Kanisa, na mwanga wa kutosha tu kuonyesha hori. Sijui kama nahitaji kuongeza somo jingine la jukwaa baada ya hilo.

Rafiki wa Fransisko, Mtakatifu Klara, usiku mmoja wa Krismasi alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kwenda kanisani. Mapokeo yanasimulia kwamba Mungu alimjalia kuona na kusikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye. Kwa sababu hiyo Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa msimamizi wa televisheni. Kwa hiyo ukiwa na kamera mkononi, una mtakatifu wa kumwomba.

Na projekta yenyewe? Padre Mjesuiti Athanasius Kircher, aliyefundisha Roma, alichapisha mwaka 1646 kitabu kikubwa kuhusu mwanga na kivuli. Ndani yake alieleza namna ya kurusha maandishi na picha ukutani kwa kutumia vioo na mwanga. Miaka michache baadaye, kama mwaka 1659, mwanasayansi Christiaan Huygens wa Uholanzi alitengeneza sanduku lenye taa, kioo kilichochorwa picha, na lenzi: bibi yake projekta tunayotumia leo. Toleo la kitabu cha Kircher la mwaka 1671 lina michoro ya sanduku kama hilo, na moja ya picha zinazorushwa ukutani humo ni ya mtu katikati ya miali ya moto. Yaani karibu tangu kifaa hiki kizaliwe, kuna mtu aliyefikiria kukitumia kuwakumbusha watu mambo ya roho.

Karibu na siku zetu, tarehe 8 Desemba 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alipofungua Jubilei ya Huruma ya Mungu, jioni yake picha za viumbe na mazingira zilirushwa kwenye uso wa mbele wa Basilika la Mtakatifu Petro. Kumbuka: ukuta wa nje, jioni. Ndani ya Misa haikuwa. Tutarudi kwenye mpaka huo.

4. Sasa tujifunze kazi yenyewe

*Anza na giza.* Mwalimu wetu wa kwanza wa mwanga ni Mkesha wa Pasaka. Taa zote zimezimwa. Unaletwa moto mmoja, Mshumaa wa Pasaka, na kanisa zima linauona hata kama ni mkubwa kama uwanja wa mpira. Kwa nini unaonekana? Kwa sababu kuna giza. Ungewasha mshumaa uleule saa sita mchana nje, nani angegeuka? Mafundi wanaoanza wanaogopa giza, wanajaza kila dakika picha. Wewe jifunze kwamba giza ni rangi yako ya kwanza. Kama unatumia PowerPoint, bonyeza herufi B wakati onyesho linaendelea: picha inakuwa nyeusi. Bonyeza tena, inarudi. Kitufe hicho kimoja kitakufaa kuliko madoido yote.

*Jua nguvu ya projekta yako.* Projekta nyingi za ofisini, ukiiweka mita 3 kutoka kwenye kitambaa, unapata picha yenye upana wa mita 2 hivi. Ukiirudisha mita 6, upana unakuwa mita 4. Vizuri, picha kubwa! Lakini mwanga ni uleule, na sasa unatandazwa kwenye eneo mara nne. Kila sehemu inabaki na robo ya mwanga wa awali. Ndiyo maana picha kubwa mno inakuwa hafifu na ya kijivu. Picha ndogo, iliyo mahali pake, ina nguvu kuliko kubwa iliyofifia. Na usijaribu nje kabla jua halijazama; projekta ya kawaida haishindani na jua.

*Chagua upande wa kurushia.* Ukirushia mbele, waigizaji wakipita wanakuwa na picha usoni na kivuli chao kwenye kitambaa. Ukiweka projekta nyuma ya kitambaa chembamba cheupe, vivuli havitokei. Utahitaji kwenda kwenye menyu ya projekta na kugeuza picha kushoto-kulia, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Angalia pia kwamba watu waliokaa mbele hawaoni jicho la lenzi likiwaka kupitia kitambaa. Weka projekta chini kabisa au juu ili lenzi isiwaelekee.

*Funga milango ya kompyuta.* Hili ninalisema kwa uchungu. Zima mtandao. Funga WhatsApp. Washa hali ya kutosumbuliwa. Zuia kompyuta isilale na isianze kujisasisha katikati ya igizo. Kisha, kama ni Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P uchague skrini ya pili iwe mwendelezo wa ya kwanza badala ya nakala yake. Ukifanya hivyo, watu wanaona kile tu unachowapelekea. Wewe unabaki na meza yako ya kazi. Ujumbe kuhusu hela ukija, uone peke yako.

*Tumia programu unayoiweza.* Kwa kuanzia, programu ya kawaida ya kuonyesha slaidi inatosha. OBS Studio ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inakuruhusu kuandaa mandhari kadhaa na kuhama kutoka moja hadi nyingine. Wenye Mac wana QLab, ambayo majumba mengi ya maonyesho duniani huitumia kupanga sauti, picha na taa kwa mfuatano. Ukitaka kurusha picha ikae sawasawa kwenye umbo fulani, kama mlango au nguzo, zipo Resolume Arena na MadMapper. Lakini usidanganyike: sijawahi kuona mwamini aliyetubu kwa sababu ya programu ya gharama.

*Andika orodha ya ishara.* Chukua maandishi ya igizo. Pembeni andika namba kila mahali ambapo kitu kinabadilika: "1, giza. 2, Pilato ananawa, mlio wa maji. 3, giza." Usiandike dakika, kwa sababu mwigizaji aliye hai si saa, leo atasema haraka, kesho atanyamaza kidogo. Andika neno lake la mwisho au tendo lake: "Yesu akigusa ardhi kwa goti." Mteue mtu mmoja wa kutoa ishara. Anasema "Jiandaeni, namba tatu," kisha, "Sasa!" Mwingine asibonyeze kwa hisia zake.

*Kaa kwenye mazoezi.* Hapa ndipo nilipoanguka. Fundi ni mwanakikundi, si fundi wa kuitwa siku ya mwisho. Hudhuria mazoezi hata kabla projekta haijapatikana. Kaa, tazama, jua wapi mwigizaji anapumua.

*Jiandae kwa umeme kukatika.* Unajua hali yetu. Weka mishumaa na taa za betri pembeni, na mpange kabisa nani atawasha. Kisha fanyeni zoezi moja zima bila kifaa chochote. Kama umeme ukikatika na igizo likafa, basi lile lilikuwa igizo la umeme. Kama likiendelea na watu wakazidi kusogea mbele, hapo mmejenga juu ya mwamba.

5. Kitambaa cha Veronika, mara ya pili

Ilinichukua wiki mbili kwenda kuomba msamaha. Nilimkuta dada yule kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamwambia, "Dada, nilikufunika. Nisamehe." Alinyamaza, kisha akasema, "Mwaka kesho ukija, kwanza uje utazame." Basi.

Nikaja nikatazama. Kwaresima iliyofuata nilikaa kwenye benchi kila Jumatano na Jumamosi bila kompyuta. Kule kwenye benchi ndipo nilipoona kwamba chombo cha kuonyeshea picha kilikuwepo tangu mwanzo: kitambaa mikononi mwake.

Veronika hatumsomi katika Injili. Tumempokea katika mapokeo ya Kanisa. Jina lake watu wa zamani walilihusisha na maneno yenye maana ya "sura ya kweli". Sura ile ilitokea kwenye kitambaa kidogo cha mwanamke aliyethubutu, si kwenye ukuta. Sasa mimi nilikuwa nimeweka wapi? Kwenye shuka la mita tatu.

Tulifanya hivi. Shuka la nyuma tukaliacha jeusi. Taa moja ya rangi ya joto tukaiweka pembeni, imwangaze Yesu na Veronika kutoka upande mmoja, ili nyuso zao zionekane. Projekta nikaiweka mbele, chini. Nikatengeneza picha nyeusi kote, isipokuwa uso mdogo katikati, mdogo kuliko kitambaa. Tulichora alama ya chaki mahali pa yeye kusimama. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa kinatikisika, kwa hiyo picha iwe hafifu, isiyo na mistari mikali kandoni, ili kikitikisika isionekane imetoka nje. Yeye ndiye aliyenifundisha pia kuhesabu: anampangusa Yesu, anageuka, anahesabu moyoni hadi tatu, ananyanyua kitambaa hadi kifuani. Mimi naongeza mwanga polepole, nauacha sekunde kumi, nauzima. Yeye anabaki.

Tulijaribu zaidi ya mara ishirini. Nyeusi ya projekta si nyeusi kamili, inaacha ukungu wa kijivu, kwa hiyo tulipunguza mwanga wake mpaka ukungu ukapotea machoni. Siku moja uso ulitokea tumboni kwake, tukacheka hadi tukakaa chini.

Usiku wa Ijumaa Kuu, uso ulipotokea kwenye kitambaa, hakuna aliyesema "Waaa". Hakuna simu iliyoinuliwa, au kama ilikuwepo sikuiona. Kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukisikia uwanjani pale. Nilimtafuta kwa macho yule mama mzee wa Jumuiya. Alikuwa amekaa mbele kabisa, anajifuta macho kwa ncha ya kanga yake.

Baada ya igizo watu walimpongeza Veronika. Mimi nilikuwa nakunja nyaya. Wengi walidhani kitambaa kilikuwa kimechorwa.

6. Mipaka tusiyoivuka

*Misa Takatifu si jukwaa.* Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia, unafundisha kwamba hakuna mtu, hata akiwa padre, mwenye ruhusa ya kuongeza, kuondoa au kubadili kitu katika Liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Altare haihitaji madoido yetu, kwa sababu pale Kristo hachezwi; yupo. Igizo letu linakumbusha. Liturujia inalifanya fumbo liwepo. Kwa hiyo igizo la Ijumaa Kuu lifanyike mbali na ibada ya siku hiyo, lisichukue nafasi yake, na waamini waelezwe tofauti. Kurusha Misa kwa redio na televisheni nako, hati hiyohiyo inataka kufanyike kwa busara na heshima, chini ya msimamizi anayefaa aliyewekwa na Maaskofu.

*Omba ruhusa.* Nenda kwa Paroko mapema, na orodha yako ya ishara mkononi. Mwonyeshe picha zote. Fransisko Mtakatifu aliomba. Wewe ni nani usiombe?

*Usiibe.* Kukata vipande vya filamu ya mtu na kuviweka kwenye igizo lenu bila ruhusa kunagusa Amri ya Saba. Piga picha zenu: anga la kwenu, mikono ya wazee wenu, miiba ya porini kwenu. Zitasema na watu wenu kuliko vipande vya kuokoteza.

*Linda waigizaji.* Mtoto au kijana anapoigiza kipigo au kilio, usimrekodi na kumsambaza bila idhini yake na ya wazazi. Machozi yake ameyatoa sadaka kwa ajili ya sala ya jumuiya, hakuyatoa yawe kichekesho cha vikundi vya WhatsApp.

7. Fundi anakaa gizani

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Alijifunza mwenyewe kutumia kompyuta kwa kiwango cha juu, akakusanya habari za miujiza ya Ekaristi akaziweka kwenye tovuti, na maonyesho yaliyotokana nayo yamezunguka parokia nyingi duniani. Angalia kazi ile inamwelekeza mtu wapi. Unaanza kwenye skrini, unaishia mbele ya Tabernakulo. Skrini imekuwa mlango, na mlango mzuri ni ule unaoupita.

Kukaa nyuma ya kompyuta ni shule ya unyenyekevu. Wenzako wanapigiwa makofi, wewe uko gizani. Ukifanya vizuri hakuna anayejua upo; ukikosea kila mtu anageuka kukutazama. Kwa asili hatupendi hivyo. Mimi mwaka ule wa kwanza nilitaka kuonekana, na nilichopata ni kumfunika dada yangu mbele ya msalaba wa Bwana. Yohane Mbatizaji alikuwa na umati mkubwa unaomfuata, akakubali kupungua ili Bwana aongezeke. Kwa fundi wa projekta, kupungua huko kuna umbo la wazi kabisa: kidole kwenye herufi B.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi)

1. Katika huduma yangu ya mwisho parokiani, watu waliondoka wakizungumzia nini: fumbo tulilotafakari, au kazi yangu?
2. Yupo mtu niliyemfunika kwa kipaji changu? Nimeshamwomba msamaha?
3. Je, vifaa vyetu vikizimika leo, igizo letu au sala yetu itaendelea?
4. Kwa nini Mungu alichagua kutujia katika mwili? Hilo linabadilisha nini katika namna ninavyotumia skrini?

Zoezi la wiki hii

Chagua tukio moja fupi la Injili, lisilozidi dakika tatu. Liigizeni mara tatu. Mara ya kwanza bila kifaa chochote, mchana. Mara ya pili usiku kwa mshumaa mmoja. Mara ya tatu ongeza kitu *kimoja* tu cha kidijitali: picha moja, au mlio mmoja. Kisha waulizeni waliotazama: wapi mlimwona mtu vizuri zaidi? Kama ya tatu haikuzidi ya pili, ondoeni kile mlichoongeza. Msione aibu. Kujua cha kuondoa nako ni kujifunza.

Tusali

Ee Bwana Yesu, Mwanga wa kweli, ulikubali kuwa na uso wa kupigwa na kupanguswa. Utusamehe tulipotumia vipaji vyetu kujionyesha. Roho wako aliyemjaza Bezaleli atujaze na sisi: mikono yetu iwe na ustadi, macho yetu yawaone wenzetu, na mioyo yetu isiogope kukaa gizani wakati wewe unaonekana. Mtakatifu Klara na Mtakatifu Carlo, mtuombee. Amina.

Tukutane somo lijalo, kijana mwenzangu. Na kabla ya kuwasha projekta, pita kwanza kwenye benchi ukatazame mazoezi.

Tumsifu Yesu Kristo!